Pesa Zisizotoka Popote



Kamati imeniomba niandike makala ya historia kwa toleo hili la kumbukumbu ya Sanduku letu la Msiba. Jinsi sanduku lilivyoanza, nani waliokuwa wa kwanza kuweka kopo la unga, na mbao za jeneza la kwanza zilinunuliwa wapi, hayo Mzee Mwenyekiti ameyaeleza katika ukurasa wa mbele na sina la kuongeza. Mimi kabla ya kukimbia nilikuwa mwalimu wa historia. Mwalimu wa historia akikuta watu wanagombana hujiuliza kwanza kama ugomvi huo uliwahi kutokea kwingine, na uliishaje.

Ugomvi wetu mnaujua. Desturi yetu tangu mwanzo ni kwamba kila mwisho wa mwezi, baada ya mgao, katibu husimama chini ya mwembe na kusoma majina: familia fulani, makopo mawili ya unga, familia fulani, pesa kiasi fulani. Mwaka jana mtu mmoja alileta pesa nyingi kuliko tulivyozoea, kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisisomwe. Mweka hazina alipokea. Pesa hizo zilizika watu wanne, wakiwemo watoto wawili, na wakati wa mazishi hakuna aliyelalamika. Malalamiko yalianza baadaye. Wengine walisema ni pesa za wanasiasa wa nyumbani wanaotaka kununua vijana wetu. Wengine walisema hakuna mtoaji yeyote, ila mweka hazina anarudisha alichokula. Na wengine, hawa ndio walioniuma zaidi, walisema mkimbizi hawezi kutoa kwa siri kwa sababu mkimbizi hana cha kutoa. Sasa mkutano mkuu utaamua: ama kila jina lisomwe, ama mchango wa asiyetaka kutajwa ukataliwe.

Kwa ruhusa yenu nitawapeleka mbali, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, huko Marekani, mwaka 1955. Nimechagua huko kwa sababu sisi tukisikia neno mfadhili tunamfikiria tajiri au serikali, yule ambaye bendera yake imechapwa kwenye gunia na kwenye kopo la mafuta. Huyo hajifichi, anataka aonekane. Watoaji wa Montgomery walikuwa wapishi, wafua nguo na yaya. Walitoa senti, na walikuwa na sababu ya kujificha kuliko tajiri yeyote.

Wakati huo sheria za Alabama zilitenganisha watu weusi na weupe ndani ya mabasi. Mtu mweusi alilipa nauli ileile ya senti 10, lakini alikaa nyuma, na mzungu akikosa kiti alitakiwa ampishe. Tena madereva wengine walikuwa na mchezo mbaya. Mtu mweusi alilipa kwa mlango wa mbele, akaamriwa ashuke akapandie mlango wa nyuma, na kabla hajafika huko basi limekwisha kuondoka na nauli yake. Tarehe 1 Desemba 1955 mama mmoja mshonaji, Rosa Parks, alikataa kuinuka kitini akakamatwa. Tarehe 5 Desemba watu weusi wa mji huo, waliokuwa kama robo tatu ya abiria wote, waliacha kupanda mabasi. Walidhani itakuwa siku moja. Zikawa siku 381.

Mchana wa siku hiyo ya kwanza viongozi wao waliunda chama kilichoitwa Montgomery Improvement Association, na mwenyekiti wake akawa mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King. Jioni maelfu ya watu walijaa katika kanisa la Holt Street na nje yake.

Kutembea kwa miguu hakuhitaji pesa. Lakini bibi mwenye miaka 70 anayefanya kazi ya kufua nguo ng'ambo ya mji hawezi kutembea kila asubuhi na jioni mwaka mzima. Chama kikapanga magari ya watu binafsi, kama 300, yawabebe watu kwa zamu. Hapo ndipo pesa zilipohitajika: petroli, matairi, matengenezo, mawakili, dhamana za waliokamatwa. Baadaye chama kilinunua magari makubwa na kuyaandikisha kwa majina ya makanisa. Makampuni ya bima yalipofuta bima za magari hayo, ilibidi bima itafutwe hadi London. Nani angelipa haya yote?

Sasa namleta mtu ambaye kwa ajili yake nimeandika makala hii. Anaitwa Georgia Gilmore. Alikuwa mpishi katika mgahawa mmoja wa mjini, mama wa watoto 6, na mkunga pia. Yeye alikuwa amekwisha kugoma peke yake kabla ya mgomo. Mwezi Oktoba 1955 dereva alipokea nauli yake, akamwamuru ashuke akapite mlango wa nyuma, kisha akang'oa basi na kumwacha barabarani. Mama Georgia akaapa hatapanda tena. Wenzake walipogoma mwezi Desemba, yeye na wanawake wachache walichangishana dola 14, wakanunua kuku, mikate na majani ya saladi, wakakaanga, wakatengeneza sandwichi, wakawauzia watu waliokuja kwenye mkutano. Kilichopatikana wakakitia katika mchango.

Waliendelea. Baada ya kazi za mchana katika nyumba za wazungu, usiku waliwasha majiko yao wenyewe. Keki, pai, samaki, nyama na mboga, waliviuza katika saluni za kusukia nywele, kwenye vituo vya teksi, kwenye milango ya makanisa. Wazungu nao walinunua, wengine bila kujua pesa zao zinakwenda wapi, wengine wakijua na kunyamaza. Kwa kadiri masimulizi yanavyoeleza, wiki nyingine zilipatikana dola 125, nyingine hata 200. Kumbukeni nauli ya basi ilikuwa senti 10. Dola 125 ni nauli 1,250. Kina mama wa jikoni walikuwa wakiinyang'anya kampuni ya mabasi abiria wake na papo hapo wakiwalipia magari mengine.

Kikundi chao walikipa jina la ajabu. Kwa Kiingereza waliita Club from Nowhere, nasi tungesema Klabu Isiyotoka Popote. Jina hilo halikuwa la mzaha. Mwanamke aliyepika keki ile alikuwa yaya wa mtoto wa mzungu. Kama bwana wake angejua kwamba keki imelipia petroli ya wagomaji, kesho yake hana kazi. Mwenye nyumba angemfukuza, benki ingedai mkopo wake siku hiyohiyo. Hayo hayakuwa maneno ya kutishana. Nyumba ya King ilitupiwa bomu tarehe 30 Januari 1956, na siku mbili baadaye bomu jingine likarushwa kwa kiongozi mwenzake, E. D. Nixon. Kwa hiyo kama mtu angeuliza pesa hizi zimetoka wapi, jibu lilikuwa tayari na wala si uongo: hazikutoka popote. Nani alipika, nani alinunua, nani aliongeza dola yake juu, alijua Mama Georgia peke yake.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapotaka usimame nami kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi wetu ulipo. Chama kilifanya mikutano ya hadhara makanisani, Jumatatu na Alhamisi. Katika mkutano Mama Georgia alikuwa akipita katikati ya viti, mwanamke mnene mwenye mwendo wa madaha, akaenda mbele na kuweka alichokusanya. Kisha kiasi kikatangazwa kwa sauti. Majina hayakutangazwa, kiasi kilitangazwa, hadi senti. Watu walisimama, wakapiga makofi na kugonga sakafu kwa miguu. Upande wa pili wa mji mama mwingine, Inez Ricks, akaanzisha kikundi chake kilichoitwa Friendly Club, na vikundi viwili vikashindana kila wiki nani ameleta zaidi. Mashindano bila majina ya watoaji! Yule yaya aliyepika keki alikuwa ameketi pale katikati ya watu, akisikia hesabu yake ikishangiliwa, na jirani yake hajui.

Wengine kambini wamesema kwamba tusiposoma majina watu watakosa ari ya kutoa. Mimi nasema hao kina mama wamekwisha kutujibu.

Mama Georgia mwenyewe hakujificha. Mwezi Machi 1956 King alishitakiwa kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara, na Mama Georgia akasimama mahakamani kueleza yale aliyotendewa na dereva. Alifukuzwa kazi mgahawani. King alimshauri aanze kupika nyumbani kwake na akamsaidia kuanza. Jiko lake likawa mgahawa usio na kibao mlangoni, ambako wakubwa na wadogo walikula meza moja. Nalitaja hili kwa sababu ya wale wanaosema anayeshika siri za watoaji huwa anajificha nyuma yao. Katika kisa hiki aliyeshika siri alikuwa wa mbele kabisa, uso wake na jina lake vikijulikana, na yeye ndiye aliyelipa gharama.

Msidhani kwamba mambo yalikwenda bila shaka wala manung'uniko. Pesa zinapopita mikononi mwa kamati, popote duniani, maneno hufuata. Mwezi Juni 1956 mchungaji mmoja, U. J. Fields, aliyekuwa katibu wa chama, aliwaambia waandishi wa habari kwamba viongozi wanatumia vibaya michango. Fikirini furaha ya maadui wa mgomo. King alikuwa California. Ilibidi arudi mbio. Tarehe 18 Juni Fields alisimama mbele ya mkutano na kukiri kwamba aliyasema kwa hasira, baada ya kunyimwa nafasi yake ya ukatibu, na kwamba hakuwa na ushahidi wa wizi. Watu kanisani walikuwa wamekasirika kweli. King akawaomba wamsamehe, akiwakumbusha mfano wa mwana mpotevu, nao wakamsikiliza.

Mimi siwachukui watu kama Fields kuwa wabaya tu. Shaka ya mwanachama ina haki yake. Kosa lake halikuwa kuuliza. Kosa lake lilikuwa kutamka wizi ambao hakuwa ameuona, tena mbele ya watu wasiotoa hata senti moja. Katika kambi yetu tofauti hiyo imepotea. Anayeuliza daftari anaitwa mchochezi, na anayesambaza uvumi kisimani anaitwa mtu wa ukweli.

Mgomo ulikwisha tarehe 20 Desemba 1956, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kukubali kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha katiba. Lakini habari ya majina ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, safari hii kwa chama kikubwa zaidi, NAACP, kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi. Mwaka 1956 Mwanasheria Mkuu wa Alabama, John Patterson, alikipeleka chama hicho mahakamani akitaka kisimamishwe jimboni, kisha akaomba mahakama ikilazimishe kutoa nyaraka zake, pamoja na majina na anwani za wanachama wote wa Alabama. Mwanachama wa NAACP ni mtu aliyelipa ada. Kwa hiyo orodha ya wanachama ni orodha ya watoaji.

Angalieni chama kilifanya nini, maana hawakukataa kila kitu kama watu wenye ukaidi. Walikubali kutoa karatasi za shughuli zao. Walikubali kutoa majina ya viongozi wao na ya waajiriwa. Kitu kimoja tu walikataa: majina ya wanachama wa kawaida. Jaji akawapiga faini ya dola 10,000 kwa kudharau mahakama, na baada ya siku chache akaipandisha kuwa 100,000. Bado wakakataa. Tarehe 30 Juni 1958 majaji wote wa Mahakama ya Juu waliwapa haki. Hukumu iliandikwa na Jaji John Marshall Harlan. Kwa ufupi alisema kwamba watu wana haki ya kuungana, na kwamba haki hiyo hufa ikiwa kila anayejiunga atatajwa hadharani mahali ambapo kutajwa maana yake ni kupoteza kazi, kutishwa na kupigwa. Alabama iliendelea kukaidi kwa njia nyingine. Chama hakikuruhusiwa kufanya kazi jimboni mpaka mwaka 1964. Lakini orodha haikutolewa.

Mtu atauliza: je, kila mwenye kujificha analindwa? La hasha. Miaka 30 nyuma, mwaka 1928, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kinyume katika kesi ya jimbo la New York. Hapo waliotaka kuficha majina walikuwa Ku Klux Klan, wale waliovaa vitambaa usoni na kuwachapa watu usiku. Mahakama ilisema jimbo lina haki ya kuwadai orodha yao. Harlan alipoandika mwaka 1958 aliikumbuka kesi hiyo na kueleza tofauti: Klan ilijulikana kwa vitendo vya vitisho na ukatili, tena ilikuwa imekataa kuipa serikali habari yoyote. Sisi tuliotoka Kivu na Burundi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tumewaona wanaoficha majina ili wasiuawe, na tumewaona wanaoficha majina ili waue. Na wale wanaosema kwamba pesa ya siri inaweza kuwa ya watu wenye bunduki si wajinga. Katika kambi za Goma mwaka 1994, misaada ya watu wenye nia njema iliangukia mikononi mwa waliofanya mauaji ya kimbari Rwanda, waliowatawala wakimbizi kwa hofu na kuchukua sehemu ya mgao, hata Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa wakaondoka mwezi Novemba mwaka huo. Shaka ina historia yake nayo.

Nirudi kwa King, maana kisa chake cha mwaka 1960 hakielezwi sana. Mwezi Februari mwaka huo Alabama ilimshitaki kwa kiapo cha uongo katika fomu zake za kodi za mwaka 1956 na 1958. Maana ya mashitaka yalikuwa hii: michango ya watu ilipitia mikononi mwako, umeila, hukuitaja kama mapato. Ni shitaka baya kuliko jela. Kiongozi anayefungwa kwa kugoma anakuwa shujaa. Kiongozi anayefungwa kwa kula michango hana wa kumlilia. Kesi ilisikilizwa Montgomery mwezi Mei mbele ya watu 12 wa kuamua, wote wazungu. Kila mtu alijua matokeo. Lakini King alikuwa na tabia ya kuandika matumizi yake katika vidaftari vya kila siku. Mkaguzi wa kodi wa jimbo, shahidi wa upande wa mashitaka, alipobanwa kwa maswali alikiri kwamba hakuona udanganyifu. Tarehe 28 Mei 1960 wazungu wale 12 walimwachia huru.

Basi unganisheni mambo haya. Mwaka 1958 orodha ya watoaji ilinusurika kwa kufichwa. Mwaka 1960 jina la kiongozi lilinusurika kwa hesabu zilizoandikwa. Watu waleule, jimbo lilelile. Hawakuona kwamba mambo mawili haya yanapingana, na mimi sioni. Anayefichwa ni mtoaji. Pesa yenyewe haifichwi, wala mkono unaoipokea, wala mahali inapokwenda.

Nakiri kwamba ngao hiyo ya wapishi wa Alabama baadaye imevaliwa na matajiri pia. Tarehe 1 Julai 2021 mahakama hiyohiyo, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliikataza California kudai majina ya watoaji wakubwa wa mashirika yote ya hisani jimboni, na msingi wa hukumu ulikuwa kesi ya mwaka 1958. Mmoja wa waliofungua kesi alikuwa Americans for Prosperity Foundation, taasisi inayohusishwa na familia ya Koch, ambayo ni miongoni mwa familia tajiri sana za Marekani. Majaji watatu walipinga wakisema kwamba si kila mtoaji yuko hatarini kama walivyokuwa watu wa Alabama. Nadhani walikuwa na hoja. Tajiri anayenunua sauti ya nchi kwa siri si sawa na yaya anayeficha keki. Lakini katika kesi hiyo kuna jambo dogo la kutufunza makarani: California iliahidi kuitunza orodha kwa siri, na ikagundulika kwamba karibu fomu 2,000 za siri zilikuwa zimewekwa kwenye mtandao wa serikali kwa bahati mbaya, zikasomeka na yeyote. Ahadi ya kutunza siri bila kufuli ni maneno tu. Mama Georgia alitumia kichwa chake, na kichwa chake hakikuwa na mlango wa nyuma.

Sasa nirudi chini ya mwembe wetu. Wakristo na Waislamu wa kambi hii wote wamefundishwa habari ya mkono wa kulia na wa kushoto katika sadaka, kwa hiyo sitawahubiria. Mchungaji na shekhe wapo. Nitasema tu ninayoyaona kila siku. Sisi ni watu ambao hatuna siri. Jina langu liko kwenye kadi ya mgao, idadi ya watoto wangu iko kwenye kadi, vidole vyangu viko kwenye mashine. Nikipewa blanketi, kitalu kizima kinajua. Nikipunguziwa mgao, nasomwa. Tumezoea hali hiyo mpaka tumeanza kuifanya sheria yetu wenyewe: kwamba hata tunapotoa, tusomwe kama tunavyosomwa tunapopokea.

Na usomaji huo una majeraha yake, ingawa hatuyaandiki katika muhtasari. Yupo mjane aliyeacha kuja mkutanoni kwa sababu kila mwezi jina lake linafuatiwa na maneno nusu kopo, na watoto wanacheka. Yupo kijana ambaye dada yake aliyepelekwa kuishi ng'ambo humtumia kidogo. Alisomwa mara moja kwamba ametoa pesa, na wiki hiyohiyo nyumba yake ilivunjwa usiku. Baada ya hapo akawa anatoa kopo la unga kama wengine, na sanduku likapata hasara. Siwezi kusema kama yeye ndiye mtoaji wa mwaka jana. Simjui mtoaji, na sijauliza. Lakini wale wanaosema mkimbizi hana cha kutoa wangefanya vizuri kukumbuka dola 14 za kuku na mikate. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Maoni yangu kwa mkutano mkuu ni haya, nami nayasema kama mwanachama, si kwa niaba ya kamati. Majina ya watoaji yasisomwe, ya mtu yeyote, mwenye kopo moja wala mwenye pesa nyingi. Anayetaka kujitaja na ajitaje kwa mdomo wake. Kiasi kisomwe chote, kila mwezi, kwa sauti, unga kwa makopo na pesa hadi ya mwisho, na matumizi vilevile: mbao, misumari, sanda, usafiri wa kwenda makaburini. Majina ya wanaoshika ufunguo na daftari yabandikwe ubaoni mwaka mzima, kama NAACP ilivyotoa ya viongozi wake. Na mchango unaopita kiasi fulani, ambacho mkutano utakipanga, mwenye kuuleta ajulikane kwa watu watatu: mweka hazina, mama mmoja atakayechaguliwa na wanawake, na mzee mmoja asiye katika kamati. Watatu hao wamwone kwa macho na kumuuliza pesa imetokaje. Wakiona ni ya wenye bunduki au ya wanaotafuta kura za nyumbani, irudishwe siku hiyohiyo, na irudishwe mkutano ukiambiwa kwamba imerudishwa.

Mweka hazina wetu atasikitika kusoma hili, maana anaona kama ni kutomwamini. Ndugu yangu, mimi nakuamini. Lakini siku ile utakaposhitakiwa na maneno ya kisimani, imani yangu haitakusaidia kama daftari.

Nilisahau kuwaambia mwisho wa Mama Georgia. Aliendelea kupika Montgomery miaka yote. Mwezi Machi 1990 watu walikuwa wanajiandaa kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya Selma, naye aliamka mapema kuwapikia waandamanaji kuku na chakula kingine. Akaugua siku hiyo, akafariki mwezi huohuo. Chakula alichokuwa amekipika jamaa zake waliwaandalia waombolezaji waliokuja msibani.

Mkutano mkuu utakuwa Jumapili baada ya mgao, mahali petu pa kawaida. Daftari la Sanduku la Msiba litakuwa mezani kuanzia asubuhi, na ukurasa wa watoaji umefunikwa kwa karatasi nyeupe mpaka mtakapoamua. Kurasa nyingine zote ziko wazi. Anayejua kusoma na amsomee asiyejua.